Ajali na Haki ya Waliokufa Majini

Neno ajali lina maana mbili katika Kiswahili, na maana hizo zimekaa pamoja kwa muda mrefu hata mara nyingi moja huitika jina la mwenzake. Maana ya kwanza, iliyokuja na neno lenyewe kutoka katika Kiarabu, ni muda wa maisha uliokadiriwa kwa kila kiumbe: saa ya kufa, isiyosogea mbele wala kurudi nyuma. Maana ya pili ni tukio la ghafula lenye madhara, kama vile gari kupinduka, nyumba kuanguka au chombo kuzama. Mithali isemayo kuwa ajali haina kinga ni kweli tupu ikisemwa kwa maana ya kwanza, kwani hapana mtu aliyepata kuikinga saa yake. Ikisemwa kwa maana ya pili, mithali hiyo hiyo huwa ni jambo jingine kabisa: huwa ni hukumu iliyotolewa kabla ya shahidi kusikilizwa.

Tofauti hii ina uzito katika kazi zote za hatari, lakini labda hapana mahali ambapo imeonekana wazi zaidi kuliko katika utumishi wa manowari. Baharia wa manowari huandikwa ili apigane na adui, hufunzwa kupigana, na akifa katika mapigano hukumbukwa kwa nishani, minara na nyimbo. Walakini, historia ya bahari yaonyesha kuwa wengi wa watu hao hawakuuawa na adui. Waliuawa na maradhi, moto, miamba, baruti yao wenyewe, vyombo vilivyoundwa vibaya na amri zilizotolewa vibaya. Swali linalozuka ni hili: watu hao wanawadai nini walio hai? Je, kuwalilia na kusema kuwa ajali haina kinga kwatosha kulilipa deni lao?

Hesabu ya vita vimoja yaweza kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Baada ya Vita vya Miaka Saba, vilivyopiganwa toka mwaka 1756 mpaka mwaka 1763, ilichapishwa Uingereza hesabu ya watu walioingia katika manowari za nchi hiyo. Walioandikwa walikuwa 184,899. Waliouawa katika mapigano walikuwa 1,512. Waliokufa kwa maradhi au kutoonekana tena, wakiwamo waliotoroka, walikuwa 133,708. Hata kama watoro watatolewa kwa ukarimu mkubwa kabisa, hesabu inayobaki yatosha kuthibitisha kwamba adui mwenye mzinga alikuwa mdogo miongoni mwa maadui wa baharia.

Mmoja wa maadui wakubwa alikuwa kiseyeye, maradhi yanayovimbisha fizi, yanayolegeza meno na kufungua makovu ya zamani. Kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa sehemu ya safari, kama mawimbi na chumvi. Mwezi wa Mei, mwaka 1747, katika manowari iliyoitwa Salisbury, daktari James Lind alichukua wagonjwa 12 akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa dawa yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine vitu vingine. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wenzao wote. Daktari huyo alichapisha habari hiyo mwaka 1753. Lakini maji ya malimau yalianza kugawiwa kwa amri katika manowari za Uingereza mwaka 1795, miaka 48 baada ya jaribio, na mwaka mmoja baada ya Lind mwenyewe kufariki.

Ingekuwa dhuluma kuiita miaka hiyo yote uzembe. Lind mwenyewe hakuusema ukweli wake kwa mkazo, na alishauri maji ya matunda yapashwe moto ili yadumu safarini, jambo ambalo liliyapunguzia nguvu. Hapana mtu wakati huo aliyejua kitu gani ndani ya tunda kilichoponya. Ujinga si kosa mpaka maarifa yamegonga mlango. Lakini yakisha gonga, kila siku ya kuchelewa kufungua ina mwenyewe, na kila maiti inayotupwa baharini baada ya hapo haiwezi tena kuandikwa katika daftari moja na zile za kwanza. Basi kazi ya kwanza ya haki ni kupambanua: kifo kipi kilikuja kabla ya maarifa, na kipi kilikuja baada yake.

Maarifa hayaji daima kwa kitabu cha daktari. Katika mji wa Stockholm, nchini Sweden, mwaka 1628, yalikuja kwa miguu ya watu 30. Manowari Vasa, iliyoundwa kwa amri ya Mfalme Gustav II Adolf, ilikuwa na mizinga 64, na uzito wake wa juu ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wa tumbo lake kubeba farumi ya kuusawazisha. Kabla ya kuondoka, mabaharia 30 waliamriwa kukimbia sitahani kwa pamoja kutoka ubavu hata ubavu ili chombo kijaribiwe. Kiliyumba vibaya hata Admirali Klas Fleming, aliyekuwa akitazama, alisimamisha jaribio walipokwisha kukimbia mara ya tatu. Jaribio lilisimama, safari haikusimama. Mfalme alikuwa mbali vitani, na barua zake zilidai chombo kwa haraka. Tarehe 10 Agosti Vasa ilitweka matanga, ikaenda kiasi cha mita 1,300, ikapigwa na upepo usiokuwa tufani, ikalala ubavu, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya chini, ikazama mbele ya macho ya wenyeji waliokuja kuiaga. Watu wapatao 30 walikufa.

Baraza la uchunguzi lilikaa. Nahodha aliulizwa kama mizinga ilifungwa sawasawa, akajibu kuwa ilifungwa. Mabaharia waliulizwa kama walikuwa wamelewa, wakajibu kuwa hawakulewa. Waundaji waliulizwa juu ya vipimo, wakajibu kuwa mfalme alivikubali. Fundi mkuu, Henrik Hybertsson, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Mwisho wake hapana aliyeadhibiwa. Chombo kiliopolewa mwaka 1961, na leo kimesimama katika nyumba ya makumbusho mjini humo, kizuri kama kilivyokuwa kibovu.

Fleming hakuwa mjinga, wala hapana dalili kuwa alikuwa mwovu. Alijua alichokiona. Lakini kati ya ulimi wake na ukweli alisimama mfalme. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na katika njia za nchi kavu shauri hilo limeokoa wengi. Baharini halisaidii kitu, kwa kuwa bahari ni yenye nguvu kuliko mfalme, na haimpishi mtu. Aliyenyamaza kwa kuogopa ghadhabu ya mkubwa aliokoa cheo chake kwa roho za watu waliokuwa ngamani, ambao hawakuulizwa kama wanakubali biashara hiyo. Kusema kuwa watu hao waliuawa na upepo ni kumsingizia upepo.

Hapa wapo watakaojibu kuwa utumishi wa manowari hauwezi kwenda bila ya utii, na utii hauwezi kuwapo kama kila mtu ana ruhusa ya kuipima amri. Jibu hili si la kudharauliwa. Watu wa pwani wanajua tangu kale kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini utii nao una kisa chake, na kisa hicho kilitokea tarehe 22 Juni mwaka 1893 katika Bahari ya Kati, karibu na Tripoli, katika pwani ambayo sasa ni ya Lebanon. Manowari za Uingereza zilikuwa zikienda katika safu mbili. Ya kwanza iliongozwa na Victoria, chombo cha Admirali George Tryon. Ya pili iliongozwa na Camperdown, chombo cha Admirali Markham, aliyekuwa chini yake. Tryon aliamuru safu mbili zigeuke kwa kuelekeana. Umbali baina yao ulikuwa kiasi cha yadi 1,200, na kila chombo kilihitaji kiasi cha yadi 800 kupata kugeuka. Hesabu hii ingeweza kufanywa na mtoto wa chuo.

Si kwamba haikufanywa. Ofisa mmoja alimwambia Tryon kabla ya hapo kuwa umbali uzidishwe, naye akakubali, kisha akaamuru umbali ule ule mfupi. Markham alipoiona ishara alisita. Tryon akamwuliza kwa ishara mbele ya vyombo vyote anangoja nini. Markham akageuka. Pembe ya chuma ya Camperdown ikaipasua Victoria, nayo ikazama kwa muda wa dakika zisizozidi 15. Watu 358 walikufa, na Tryon mwenyewe miongoni mwao.

Mahakama ya kijeshi iliyokaa Malta iliona kuwa chanzo ni amri ya Tryon. Ilisikitika kwamba Markham hakuitimiza nia yake ya kwanza ya kueleza shaka yake, lakini ikaona kuwa kumlaumu kwa kumtii mkubwa aliyekuwapo mbele yake kungeudhuru utumishi. Hukumu hiyo inaonyesha watu wenye akili wakisimama katika njia panda. Waliogopa kuwafundisha mabaharia uasi, na waliogopa kuwafundisha upofu. Lakini njia panda hiyo ilikuwa nyembamba kuliko walivyodhani. Kuuliza si kuasi. Mtu aulizaye kabla ya kutenda humpa mkubwa wake nafasi ya pili ya kuwa na hekima. Mtu atendaye bila kuuliza, ilhali anaona shimo, humsaidia mkubwa wake kuangukia ndani. Utii ulio bora ni ule unaomtumikia mkubwa katika makusudi yake, wala hapana admirali aliyepata kukusudia kuzamisha chombo chake mwenyewe.

Ikiwa kusema ni kuzito kwa admirali, kwa mnyonge ni kuzito zaidi. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabaharia Weusi wa Marekani walipewa kazi ya kupakia mabomu na risasi katika bandari ya Port Chicago, jimbo la California, chini ya maofisa Weupe. Hawakufundishwa sawasawa kazi ya baruti, na vikosi vilishindanishwa kwa upesi wa kupakia. Usiku wa tarehe 17 Julai meli mbili na gati vililipuka. Watu 320 walikufa, na 202 katika hao walikuwa mabaharia Weusi. Baraza la uchunguzi halikumtia hatiani ofisa yeyote. Chini ya mwezi mmoja baadaye walionusurika waliamriwa kurudi katika kazi ile ile mahali pengine. Mamia walikataa, na 50 kati yao walihukumiwa kwa kosa la uasi na kupewa vifungo vya miaka 8 mpaka 15. Wengi wao walifunguliwa mwaka 1946, lakini hukumu yenyewe haikufutwa mpaka mwaka 2024, yaani baada ya miaka 80.

Kisa hiki chafundisha kuwa uwongo juu ya ajali haukai bila kazi. Sababu ya kweli ikifichwa, hatia haiyeyuki. Hutafuta mgongo mwingine wa kupanda, na aghalabu hupanda mgongo wa aliye chini. Waliokufa walinyimwa ukweli, na waliobaki walinyimwa uhuru, kwa tendo moja.

Kuna hoja nyingine ya kunyamaza, nayo huvaa vazi la heshima zaidi: siri ya dola. Tarehe 1 Juni mwaka 1939 nyambizi mpya ya Uingereza iliyoitwa Thetis ilikwenda kujaribiwa katika Ghuba ya Liverpool, ikiwa na watu 103, mabaharia na mafundi. Katika mlango wa ndani wa bomba la topido palikuwa na tundu dogo la kuonyesha kama maji yamo ndani ya bomba. Tundu hilo lilikuwa limezibwa na rangi. Ofisa alipolijaribu halikutoa maji, kwa hivyo mlango ulifunguliwa, na kumbe upande wa pili wa bomba ulikuwa wazi kwa bahari. Watu 4 waliokoka. 99 walikufa, wengi wao kwa kukosa hewa safi, ilhali tezi ya chombo ilionekana juu ya maji kwa saa kadha. Jamaa za waliokufa walipodai fidia, waliomba kortini karatasi za ujenzi. Serikali ilikataa zisitolewe, na mwaka 1942 Baraza la Mabwana, lililokuwa korti ya juu kabisa ya nchi hiyo, liliamua kuwa neno la waziri katika jambo hilo ni la mwisho. Ulikuwa wakati wa vita, na haiwezi kusemwa kuwa hofu ya kumfungulia adui siri za nyambizi ilikuwa hofu ya bure. Lakini mwaka 1968, katika kesi nyingine, Baraza hilo hilo lilibadili kanuni: hakimu akapewa uwezo wa kuzitazama karatasi yeye mwenyewe na kupima uzito wa siri kwa uzito wa haki. Mizani hiyo ndiyo iliyokosekana mwaka 1942. Dola yaweza kuwa na siri, lakini haifai iwe ndiyo peke yake inayoamua siri ipi ni ya kumficha adui na ipi ni ya kumficha mjane.

Nyambizi hiyo haikuishia hapo. Iliopolewa, ikatengenezwa, ikapewa jina jipya la Thunderbolt, ikaenda vitani. Mwezi wa Machi mwaka 1943 ilizamishwa na chombo cha Italia katika Bahari ya Kati, na watu wote waliokuwamo walikufa. Chombo kimoja, basi, kiliua makundi mawili ya watu, na bahari iliyowameza haikuwa na tofauti. Tofauti iko kwa wanaodaiwa. Waliokufa mwaka 1943 walijulikana muuaji wao: ni adui, aliyefanya kazi ya adui. Walijua kuwa yuko, walikwenda kumtafuta, na hatari yake waliikubali walipovaa sare. Waliokufa mwaka 1939 waliuawa na mikono ya upande wao. Baharia anapoandikwa huikubali hatari ya mzinga na ya tufani. Haikubali hatari ya tone la rangi lisilotazamwa na mtu. Hatari hiyo hakuambiwa, na asiyeambiwa hawezi kukubali. Kwa hivyo heshima ni haki ya makundi yote mawili, lakini kundi la pili lina haki moja zaidi, nayo ni ukweli.

Itasemwa kuwa ukweli huo ni mchungu, na kuwa wafiwa hufarijika zaidi wakiamini kuwa saa ya mpenzi wao ilikuwa imefika. Lakini imani ya saa ya mauti na uchunguzi wa sababu hazigombani. Mtu aaminiye kwa moyo wote kuwa siku yake imeandikwa hata hivyo hufunika kisima chake usiku, watoto wasitumbukie. Itasemwa pia kuwa mahali panapotafutwa wakosaji watu hujifunza kuficha makosa. Hoja hii ni nzito kuliko zote, na jibu lake ni kuwa kutafuta sababu si sawa na kutafuta shingo ya kukata. Swali lenye faida juu ya Thetis si nani aliyeshika burashi ya rangi. Ni kwa nini maisha ya watu 103 yaliachwa yategemee tundu dogo ambalo hapakuwa na desturi ya kulihakikisha.

Mfano wa swali hilo kuulizwa vizuri ulipatikana Marekani. Tarehe 10 Aprili mwaka 1963 nyambizi Thresher ilizama katika Bahari ya Atlantiki wakati wa kujaribiwa kwa kupiga mbizi, na watu 129 walikufa. Wachunguzi waliona kuwa yamkini bomba la maji ya chumvi lilivuja kwenye kiungio. Mwaka huo huo uliwekwa mpango mpya wa usalama: kila kifaa kinachozuia bahari isiingie kijulikane kilitoka wapi, nani alikiunga, nani alikikagua, na bila ya ushahidi wa maandishi chombo kisiteremke. Toka mwaka 1915 mpaka mwaka 1963 nchi hiyo ilikuwa imepoteza nyambizi 16 kwa sababu zisizo za vita. Tangu mpango huo kuanza imepoteza moja tu, Scorpion, mwaka 1968, nayo ilikuwa haijapata cheti cha mpango wenyewe. Bahari haikupungua kina wala uzito. Kilichobadilika ni kuwa watu waliacha kusema ajali wakaanza kusema kiungio.

Hesabu hiyo ndiyo jibu la swali la awali. Deni la waliokufa majini bila adui halilipwi kwa machozi peke yake, wala kwa mnara peke yake. Hulipwa kwa kutaja kilichowaua kwa jina lake, hata kama jina hilo ni la kitu kidogo au la mtu mkubwa, na kwa kukizuia kisiue tena. Mithali ya wahenga haina kosa, na ina mahali pake juu ya kaburi la maji. Lakini isemwe mwisho, baada ya mashahidi kusikilizwa, karatasi kufunguliwa na ufa kuzibwa. Ikisemwa mwanzo, haimfariji maiti, humlinda aliyemwua.